HSA: Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu akaunti ya akiba ya matibabu nchini Marekani

Kila mwaka, kati ya Oktoba na mapema Desemba, waajiri wengi Marekani huwapa wafanyakazi wao siku chache za kuchagua bima ya afya ya mwaka unaofuata. Fomu imejaa vifupisho, na mtu aliyetoka zamu ya usiku kwenye ghala au kwenye nyumba ya kutunzia wazee huweka alama penye ada ndogo kuliko zote, akaenda kulala. Mara nyingi bima hiyo ndiyo inayokuja na HSA. Miezi michache baadaye bili ya hospitali inafika nyumbani, na akaunti haina kitu. Majibu haya ni kwa wasemaji wa Kiswahili wanaoishi na kufanya kazi Marekani. Fedha zote zimetajwa kwa dola, na viwango ni vya mwaka 2026 kwa kuwa serikali huvibadilisha kila mwaka.

## HSA ni nini hasa?

Ni akaunti yenye jina lako mwenyewe, ambayo fedha zake hazitozwi kodi mradi zitumike kwa matibabu. Haiwi bima hata siku moja. Bima ni mkataba wako na kampuni. HSA ni kibubu chako cha kulipia zile gharama ambazo bima imekuachia. Ilianzishwa na sheria iliyosainiwa na Rais George W. Bush mwezi Desemba 2003, ikaanza kutumika Januari 2004.

Nafuu yake ya kodi inakuja mara tatu: fedha zinapoingia hazikatwi kodi ya mapato ya serikali kuu, zinapokua kwa riba au uwekezaji hazikatwi, na zinapotoka kulipia matibabu hazikatwi. Kilichobaki Desemba 31 kinavuka mwaka pamoja nawe. Ukiacha kazi, hata ukifukuzwa, akaunti ni yako, pamoja na kile alichokuwa ameweka mwajiri.

## Nani anaruhusiwa kuwa nayo?

Lazima uwe na bima ya aina maalumu, ambayo hapa tutaiita bima ya kujilipia kwanza. Maana yake ni kwamba ukiugua unalipa mwenyewe hadi ufike kiasi fulani, ndipo kampuni ianze kuchangia. Kwa mwaka 2026 kiasi hicho kisipungue 1,700 kwa mtu mmoja au 3,400 kwa familia. Lazima pia pawe na ukomo wa mwaka, yaani jumla ambayo ukishaifikisha hulipi tena kwenye hospitali zilizo ndani ya mtandao wa bima yako. Ukomo huo usizidi 8,500 kwa mtu mmoja na 17,000 kwa familia.

Kuanzia Januari 2026, bima za daraja la shaba zinazouzwa kwenye soko la serikali la bima nazo zinakubalika. Kwa madereva wa teksi, wenye malori na wengine waliojiajiri, mlango huu ni mpya, na unafaa kuangaliwa.

Huruhusiwi kuweka fedha kwenye HSA ikiwa wewe mwenyewe una Medicaid (bima ya serikali ya wenye kipato kidogo) au Medicare (bima ya serikali, hasa ya waliofikisha miaka 65), ikiwa mtu mwingine anakudai kama tegemezi kwenye kodi yake, au ikiwa una bima nyingine ya kawaida pembeni. Watoto wako kuwa na Medicaid hakukuzuii; kinachoangaliwa ni bima yako. Na sheria ya HSA haiulizi uraia.

## Ada yake ni ndogo. Kwa nini nisiichague tu?

Kwa sababu ada ndogo si zawadi. Kampuni imepunguza ada kwa kuwa imekurudishia wewe sehemu ya hatari. Hapa ndipo familia nyingi zinapoumia, kwa hiyo tupige hesabu.

Tuchukue mfano wa familia yenye chaguo mbili kazini. Bima ya kwanza inakata 90 kila baada ya wiki mbili, na familia inajilipia 1,000 kabla bima haijaanza kulipa. Ya pili inakata 40, na familia inajilipia 3,400. Mwajiri anaweka 500 kwenye HSA. Tofauti ya ada ni 50 mara 26, yaani 1,300 kwa mwaka. Ukijumlisha 500 za mwajiri, bima ya pili imekuachia 1,800 mkononi. Lakini mkiugua sana mtalipa 2,400 zaidi kabla bima haijaanza kusaidia. Msipougua, mmefaidi 1,800. Mkiugua sana, mmepungukiwa 600, na hata hizo nafuu ya kodi itapunguza makali yake.

Kwa familia nyingi zenye afya ya wastani, hesabu hiyo inaipendelea bima ya pili, kwa sharti moja tu: zile 1,300 ziingie kwenye HSA. Zikiingia, pamoja na za mwajiri, mna 1,800, zaidi ya nusu ya 3,400. Zikienda kwenye mafuta ya gari na kodi ya nyumba, mmebaki na 500 za mwajiri tu, na deni la 2,900 linalosubiri ugonjwa. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu fomu ya kazini hailisemi: kuchagua bima na kuweka akiba ni hatua mbili tofauti, na ya pili haijifanyi yenyewe. Kama unajua kwa hakika kwamba hutaweza kuweka chochote, chagua bima ya ada kubwa bila kuona haya.

Uliza pia jinsi kiasi cha familia kinavyohesabiwa. Kwenye bima hizi, mtu mmoja wa familia akiugua peke yake anaweza kulazimika kufikisha 3,400 zote kabla bima haijamsaidia.

## Nina mimba, au natumia dawa kila siku. Bima hii inanifaa?

Tofautisha kinga na tiba. Huduma za kinga, kama chanjo, kipimo cha shinikizo la damu, uchunguzi wa saratani ya matiti na kliniki za kawaida za watoto, hulipwa na bima tangu siku ya kwanza ukienda kwa watoa huduma wa mtandao wake. Tangu 2019 idara ya kodi, IRS, imeziruhusu pia bima hizi kulipia mapema baadhi ya dawa za magonjwa sugu, kama za pumu, kisukari na moyo. Kuruhusiwa si kulazimishwa. Piga simu kwa kampuni, taja dawa yako kwa jina, uliza utalipa kiasi gani Januari.

Kwa mjamzito, chukulia kwamba kiasi chote cha kujilipia kitakwisha, kwani kujifungua hospitalini Marekani ni ghali kupita kiasi hicho. Angalia tarehe ya makadirio. Kwenye bima nyingi hesabu huanza upya Januari 1. Mimba inayovuka mwaka inaweza kukugusa mara mbili: vipimo vya Novemba kwa mwaka huu, kujifungua Februari kwa mwaka ujao. Mwenye mimba ya namna hiyo apige hesabu ya bima zote mbili kwa kudhani atafika ukomo, kisha achague ile ambayo jumla yake, ada pamoja na ukomo, ni ndogo.

## Niweke kiasi gani?

Sheria inaruhusu hadi 4,400 kwa mwenye bima ya mtu mmoja na 8,750 kwa mwenye bima ya familia. Aliyefikisha miaka 55 anaongeza 1,000. Fedha za mwajiri zimo ndani ya kiwango hicho. Ukizidisha unatozwa asilimia 6 ya ziada hiyo kila mwaka hadi uitoe, kwa hiyo itoe kabla ya mwisho wa kupeleka ritani ya kodi.

Watu wachache wa kipato chetu wanafika huko, na si lazima. Anza na tofauti ya ada, kama kwenye mfano wa juu. Lengo la kwanza liwe kufikisha kiasi cha kujilipia. Lengo la pili, baada ya miaka, ukomo wa mwaka. Makato ya mshahara unaweza kuyabadilisha katikati ya mwaka, hivyo ukipata zamu za ziada, ongeza. Kazi ikipungua, punguza. Pia unaweza kuweka fedha za mwaka uliopita hadi siku ya mwisho ya ritani, ambayo kwa kawaida ni Aprili 15.

## Nikatwe kwenye mshahara au niweke mwenyewe?

Ukiwa umeajiriwa na mwajiri anaruhusu, katwa kwenye mshahara. Fedha zinazopita huko huepuka kodi ya mapato na pia asilimia 7.65 ya Social Security na Medicare. Aliye kwenye daraja la kodi la asilimia 12 akikatwa 2,000 kwa mwaka anaokoa takriban 393. Ukiweka mwenyewe kutoka benki, kodi ya mapato utairudisha kwenye ritani, lakini ile 7.65 imekwenda. Waliojiajiri hawana njia ya mshahara, ila bado wanapunguza kodi ya mapato.

California na New Jersey hazitambui nafuu hii kwenye kodi ya jimbo. Ukiishi huko, nafuu yako ni ya serikali kuu tu.

## Nimeugua Februari na akaunti ina 200 tu. Nifanyeje?

HSA inakupa ulichoweka, hakuna mkopo wa mwajiri. Lakini hujakwama, na usilipe bili ya kwanza kwa hofu.

Barua ya kwanza kutoka kampuni ya bima mara nyingi si bili. Ni maelezo ya walichotozwa, walichokubali na kilichobaki kwako. Subiri bili ya hospitali yenyewe, omba ile inayoorodhesha kila huduma, ulinganishe. Kisha uliza msaada wa kifedha. Hospitali zisizo za kibiashara, ambazo ni nyingi Marekani, zinalazimishwa na sheria ya afya ya 2010 kuwa na utaratibu wa maandishi wa kupunguza au kufuta bili kwa wenye kipato kidogo, na una siku 240 za kuomba tangu bili ya kwanza baada ya kutoka hospitalini. Kuwa na bima hakukufungii mlango huo. Masharti ya kila hospitali ndiyo yanayoamua. Kama Kiingereza kinakupa shida, omba mkalimani. Hospitali zinazopokea fedha za serikali zinatakiwa kukupatia bila malipo, na mtoto wako wa darasa la sita asibebeshwe kazi hiyo.

Baada ya hapo, kinachobaki omba kulipa kidogo kidogo. Hospitali nyingi hukubali bila riba. Fedha zikiingia kwenye HSA mwezi baada ya mwezi, unalipia awamu kutoka humo. Au kama umelipa kutoka mfukoni, unajirudishia baadaye: sheria haijaweka ukomo wa muda, hata ipite miaka kumi, mradi risiti unayo na matibabu yalifanyika baada ya akaunti kufunguliwa. Ndiyo sababu inafaa kuifungua mwezi wa kwanza kabisa wa bima, hata kwa kuweka dola chache. Matibabu ya kabla ya kufungua hayahesabiki kamwe.

## Inalipia nini, na hailipii nini?

Daktari, maabara, hospitali, gari la wagonjwa, dawa ulizoandikiwa. Meno na macho pia, hata kama bima yako haiyagusi: kung'oa, kuziba, nyaya za kunyoosha meno, miwani, lenzi. Magongo, kipimo cha sukari, kifaa cha kusikia, ushauri wa afya ya akili unaotolewa kama tiba. Tangu sheria ya 2020, dawa za maumivu au mafua za kununua bila cheti cha daktari zimo, na pedi pia zimo.

Hailipii dawa ya kupigia mswaki, vitamini za kujiongezea nguvu, ada ya mazoezi wala upasuaji wa urembo. Ada ya bima yenyewe kwa kawaida hailipiwi, isipokuwa katika hali chache, kama unapoendeleza bima ya kazi uliyoiacha au unapopokea malipo ya serikali ya kukosa kazi. Ukipoteza kazi, kumbuka hilo.

## Naweza kumlipia mama yangu aliye nyumbani?

Swali hili linaulizwa kuliko mengine yote, na jibu linauma: kwa kawaida hapana. HSA inalipia matibabu yako, ya mwenzi wako wa ndoa, na ya wategemezi wako kwa mujibu wa sheria ya kodi. Tegemezi, kwa sheria hiyo, lazima awe raia au mkazi wa Marekani, au mkazi wa Canada au Mexico. Mzazi aliye Tanga, Kisumu au Bukavu hayumo, hata kama wewe ndiye unayemtumia kila senti anayokula. Ukitoa fedha za HSA kumlipia upasuaji, kisheria umezitoa kwa jambo lisilo la matibabu.

Mume au mke ni tofauti. Kwake hakuna sharti la uraia wala makazi. Kama mmeoana na yeye bado yuko Nairobi akisubiri viza, matibabu yake huko yanakubalika. Mama akihamia Marekani ukawa unamtunza, anaweza kuhesabika, ikitegemea masharti ya utegemezi.

Kwa wazazi walioko nyumbani, weka akiba nyingine pembeni, iliyokwisha kukatwa kodi, hata iwe ndogo. Usiache HSA ikawa ndiyo akiba pekee ya ugonjwa katika ukoo, kwa sababu simu ya usiku itakapokuja utaivunja.

## Nikitibiwa mwenyewe nikiwa likizo Afrika Mashariki?

Inakubalika, mradi ni matibabu ambayo yangekubalika Marekani. Dawa uliyoandikiwa ukainunua na kuitumia hukohuko nayo ni sawa ikiwa ni halali pande zote mbili. Kuagiza dawa kutoka nje iletwe Marekani kwa kawaida si sawa. Tiketi ya ndege ya likizo haigeuki kuwa gharama ya matibabu kwa sababu ulimwona daktari wa meno ukiwa huko. Dai risiti yenye jina la mgonjwa, tarehe, huduma na kiasi, kisha andika juu yake kiwango cha kubadilisha fedha cha siku hiyo.

## Nikizitoa kwa jambo lisilo la matibabu?

Kabla ya miaka 65 unalipa kodi ya mapato pamoja na faini ya asilimia 20. Mtu wa daraja la asilimia 12 akitoa 1,000 anapoteza 320. Mazishi nayo hayahesabiki kuwa matibabu, wala nauli ya kwenda msibani, wala rambirambi. Kujikopesha fedha hizo au kuiweka akaunti kama dhamana ya mkopo hairuhusiwi kabisa.

## FSA ni kitu hichohicho?

Sivyo. FSA nayo ni akaunti ya fedha za matibabu isiyokatwa kodi, lakini ni ya mwajiri, na sehemu kubwa ya kisichotumika hupotea mwisho wa mwaka. Ukiwa na FSA ya kawaida ya matibabu, au mwenzi wako akiwa nayo kazini kwake, huruhusiwi kuweka kwenye HSA. Wanandoa wengi hawalijui hili kwa kuwa kila mmoja anajaza fomu yake kivyake. Kaeni pamoja kabla ya kusaini.

## Fedha zikae tu, au niziwekeze? Na riba je?

Kiasi unachoweza kukihitaji mwaka huu kiache kikae kama fedha taslimu. Kinachozidi hapo, akaunti nyingi hukuruhusu kukiwekeza kwenye mifuko ya hisa, na faida haitozwi kodi ya serikali kuu. Soko huanguka, na ugonjwa hausubiri lipande, kwa hiyo usiwekeze fedha za bili ya mwezi ujao.

Muislamu anayeepuka riba aangalie mambo mawili: kama akaunti yake inalipa riba kwenye salio, na kama inamruhusu kuchagua mifuko, kwani Marekani ipo inayofuata misingi ya sharia. Hukumu ya dini amuulize sheikh anayemwamini, akiwa na karatasi za akaunti mkononi.

## Kwenye ritani ya kodi ninajaza nini?

Fomu 8889, inayokwenda pamoja na ritani yako. Makato ya mshahara utayaona kwenye W-2, ile fomu ya mapato anayokupa mwajiri, kisanduku cha 12, herufi W. Ukiwa umetoa fedha, utapokea fomu 1099-SA inayoonyesha ulichotoa. Risiti huziambatanishi, lakini zihifadhi. Zipige picha, kwani karatasi za duka la dawa hufifia. Anayekujazia ritani, awe ofisi au ndugu wa kanisani au msikitini, mwulize wazi: 8889 imejazwa? Ikiachwa, IRS inaweza kuchukulia kila ulichotoa kuwa mapato.

## Nikikaribia miaka 65?

Ukijiunga na Medicare huwezi tena kuweka, ila unaendelea kutumia. Ukichelewa kujiunga hadi baada ya 65, sehemu A ya Medicare, ile ya hospitali, inahesabiwa kuwa ilianza hadi miezi sita nyuma, kwa hiyo acha kuweka miezi sita kabla ya kuomba. Baada ya 65 faini ya asilimia 20 haipo. Ukitoa kwa jambo jingine unalipa kodi ya mapato tu. HSA inaweza pia kulipia ada za Medicare za sehemu B (madaktari) na D (dawa).

## Nikirudi nyumbani moja kwa moja, au nikifariki?

Ukirudi, akaunti inabaki yako na inaweza kuendelea kulipia matibabu yako huko. Kabla ya kuondoka, uliza benki kama inahudumia mteja mwenye anwani ya nje, kwani taratibu zao zinatofautiana.

Ukifariki, inategemea jina uliloandika. Mume au mke akiwa ndiye mrithi aliyetajwa, akaunti inakuwa HSA yake, bila kodi. Akiwa mtoto, ndugu au mtu mwingine, inakoma kuwa HSA na fedha zinahesabiwa kuwa mapato yake ya mwaka huo, ukiondoa bili zako za matibabu atakazozilipa ndani ya mwaka mmoja. Watu hujaza jina wakiwa hawajaoa, wakasahau. Ingia kwenye tovuti ya akaunti yako, tafuta sehemu ya warithi, uone ni nani aliyeandikwa.